Mpiga Besi wa "Sirudi Saa Kumi na Mbili"

9 Machi

Shangazi yangu,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kwa hiyo nalisema kwanza: lile swali nililijua. Mkono wangu ulikuwa juu ya kengele na sikuibonyeza. Nilifanya makusudi.

Sasa shikamoo. Natumaini wewe na Bibi hamjambo, na kwamba miwani mipya haimwumizi tena masikio. Huku shuleni tu wazima. Mama ameandika kuwa mdogo wangu ameng'oka jino la tatu na amelificha mahali ambapo yeye mwenyewe amepasahau. Baba bado anasoma mita za maji upande wa viwandani, na yule mbwa wa geti la kijani bado hajamzoea. Anasema mwaka huu watazoeana au mmoja wao atahama.

Unajua niko kwenye timu ya chemsha bongo ya shule. Tuko watatu: nahodha, ambaye huongea hata usingizini, msichana wa hesabu tunayemwita Kikokotoo, na mimi, wanayeniita Kamusi kwa sababu nafunguliwa pale tu ninapohitajika. Kituo cha redio kinachoendesha mashindano kimeongeza mada mpya mwaka huu: nyimbo za roki na za bendi ndogo ndogo za mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Wenzangu walinung'unika kwamba huo ni muziki wa wazazi. Mimi nilinyamaza kwa furaha. Kitabu cha maswali nimekisoma mpaka gundi imeachia. Waya Mbili walirekodi sauti ya mwimbaji kupitia mkono wa simu ya mezani, ili isikike kama anaimba kutoka mbali. Mpiga ngoma wa Vioo Vyeusi alipiga bati la biskuti baada ya ngozi ya ngoma kupasuka, na ukiongeza sauti unasikia biskuti bado zimo ndani. Kuna CD ya mwaka wa elfu mbili na moja ambayo baada ya wimbo wa mwisho inakaa kimya dakika tisa, halafu unaanza wimbo ambao haukuandikwa popote. Napenda mambo ya namna hiyo, Shangazi. Napenda kwamba mtu alikaa akangoja dakika tisa.

Katika raundi ya kwanza mtangazaji aliuliza: "Katika wimbo 'Sirudi Saa Kumi na Mbili' wa bendi ya Kutu, mwaka wa elfu mbili na tatu, nani alipiga gita la besi?" Ukumbi mzima wa shule yetu ulinigeukia, maana kila mtu anajua Kidole wa Kutu ni baba yangu. Nikakaa. Shule nyingine wakabonyeza, wakasema "Kidole", wakapewa pointi mbili. Nahodha aliniuliza mbele ya watu nimewezaje kumsahau baba niliyemwandikia barua siku mbili kabla. Nikasema niliingiwa na woga. Wote waliamini, kwa sababu huwa naingiwa na woga.

Ukweli ni kwamba sidhani ni Baba. Nadhani ni wewe.

Tafadhali nijibu. Tulipita kwa pointi moja tu, na swali hilo litarudi.

Mtoto wa kaka yako,
Kamusi

---

2 Aprili

Kwako binti wa kaka,

Marahaba. Bibi anakusalimia na anasema miwani ni mizuri isipokuwa sasa anaona vumbi ambalo zamani halikuwepo, na amenipangia kazi kila Jumamosi. Mimi nipo. Kiwandani tuko kwenye msimu wa madaftari, majalada elfu arobaini ya rangi ya samawati. Mashine namba mbili inavuja wino, na msimamizi anaiwekea kopo chini kama anakinga maji ya mvua. Nanuka mafuta ya taa hadi kwenye nywele. Mwambie mdogo wako atazame ndani ya kiatu. Watoto wote wa ukoo wetu huficha ndani ya kiatu.

Barua yako nimeisoma mara moja na nimeiweka. Wewe ni msomaji, kwa hiyo nitakusahihisha kama msomaji. Lile bati halikuwa la biskuti, lilikuwa la maziwa ya unga, na kinachosikika humo ndani ni kijiko. Kitabu chenu kimekosea. Vitabu hukosea, nimetengeneza vingi, najua.

Kuhusu hilo jambo lingine, kadi ya mtangazaji ina jibu, na jibu la kadi ndilo linalotoa pointi. Usijitie kwenye mambo ya watu waliokuwa wakubwa kabla hujazaliwa. Ukiulizwa tena, bonyeza kengele, mtaje baba yako, chukua pointi zako, ukale. Una mwili mwembamba kama ufito wa dari.

Nimekuwekea stempu nne na kalamu mbili.

Shangazi yako

---

18 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo tena. Asante kwa stempu. Hii ni ya kwanza kati ya zile nne. Jino lilikuwa ndani ya kiatu. Nimefaulu fizikia kuliko nilivyotarajia na historia chini ya nilivyotarajia. Mama amebadilisha pazia za sebuleni na Baba hajagundua, sasa ni wiki ya tatu, na Mama ametukataza kumwambia.

Hukusema "si mimi". Niliisoma barua yako nikitafuta maneno hayo kwa kidole, mstari kwa mstari. Umenisahihisha bati na kijiko, mambo ambayo hayamo kwenye kitabu wala kwenye jalada la CD. Mtu aliyejua ndani ya lile bati mlikuwa na nini alikuwa akiingia studio wakati bendi za enzi hizo zinarekodi.

Sasa nitakueleza ninachojua, ili usifikiri nimeota. "Sirudi Saa Kumi na Mbili" inaanza na sekunde kumi na tisa za besi peke yake. Ndani ya sekunde hizo kuna mlio mdogo, tik, unaokuja kila mara kwenye pigo la pili. Watu wamebishana kuhusu huo mlio kwa miaka. Wako wanaosema ni kiberiti cha gesi, wako wanaosema ni saa ya ukutani, na kitabu chetu kimeandika kwa uhakika wote kwamba ni fimbo ya mpiga ngoma akijihesabia. Likizo ile uliyokuja kwetu, ulikuwa unangoja maji yachemke. Ulikuwa unagonga ukingo wa sinki kwa vidole vya mkono wa kulia, huku unatazama nje, na bangili yako ya shaba ilikuwa inagonga sinki. Tik. Pigo la pili. Nilikuwa mezani na kitabu, sikuinua uso, lakini nilihesabu. Ulifika sekunde ya kumi na tisa ukasimama, palepale ambapo ngoma ingeingia.

Baba mimi sijawahi kumsikia akipiga hata nyuzi mbili. Watu wakimwomba husema kidole kile kilibanwa na geti. Nilipokuwa mdogo lilikuwa geti la shule yao. Mwaka jana lilikuwa geti la kiwanda. Simsemi vibaya. Nampenda Baba. Mafundi wa maji humwita Kidole na yeye hunyooka mgongo kwa siku nzima, nami huona raha kumwona amenyooka.

Kuna habari nyingine. Tumeingia fainali, Oktoba. Na kituo cha redio kimemwalika Baba awe mgeni rasmi. Watamkalisha jukwaani. Mama anasema ameshapeleka koti kwa fundi.

Wakiniuliza akiwa amekaa pale mbele yangu, nitasema nini, Shangazi? Kumtaja siwezi, maana nitakuwa nadanganya. Kukaa kimya nimeshakaa mara moja na bado kunaniuma. Niambie tu ilikuwaje.

Kamusi

---

27 Julai

Binti wa kaka,

Nimechelewa. Ningeweza kusema ni kazi, na kazi ipo, lakini mara tatu nimekuandikia na mara tatu karatasi imeishia kwenye kopo la wino wa mashine namba mbili. Bibi hajambo. Miwani ameikalia, tumeibana kwa waya.

Nakueleza mara moja. Nakueleza ili uache kuchimba, na si kwa ajili ya kwenda kuyasema.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa mwanafunzi wa uchapaji. Baba yako na wenzake walikuwa wamechanga miezi minane kupata siku moja ya studio. Ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vioo, magodoro yamepigiliwa ukutani, na taa nyekundu juu ya mlango ikiwaka wakati mkanda unazunguka. Mimi ndiye nilikuwa nawatengenezea jalada. Siku hiyo nilikwenda na prufu, ile karatasi ya majaribio, ili waikague majina kabla haijaingia mashineni, maana jioni yake mashine ilikuwa wazi na wiki iliyofuata isingekuwa wazi.

Baba yako alikuwa mpiga besi mzuri. Liandike hilo mahali. Nyumbani alikuwa anapiga mpaka vikombe vinatembea mezani. Mimi nilijifunza kwa kumtazama, na gita nililigusa alipokuwa kazini. Lakini taa ile ilipowaka, mikono yake iliganda. Akaanza, akakosea. Akaanza tena. Sijui mara ngapi, sikuhesabu, nilikuwa natazama sakafu. Wenzake waliacha kumtania, na hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya. Fundi wa sauti akagonga kioo akaonyesha saa yake. Baba yako akaondoa mkanda begani, akalilaza gita kwenye kiti, akatoka uani.

Nikalichukua. Sikumwomba mtu. Nilipiga mara moja, bila kusimama, na bangili ilikuwa mkononi kwa sababu haikunijia kuivua. Yule wa ngoma akaingia nyuma yangu, na wengine wakaingia. Tulipomaliza, kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni.

Baadaye tukaitandaza prufu juu ya meza. Kila mmoja akasoma jina lake. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu, tayari kwa masahihisho. Nilimtazama nikamngoja aseme. Alisoma mstari wa besi, na jina lake, akasema, "Iko sawa." Wenzake wakanyamaza, ni mambo ya kaka na dada. Nikasema moyoni, kama yeye hasemi, na mimi sisemi. Nikaipeleka kiwandani. Nakala elfu mbili. Nilizipanga, nikazichapa na nikazikata kwa mikono hii, kwa hiyo usifikiri kuna mtu aliniibia kitu.

Tangu siku hiyo tumezungumza kila jambo, ndoa, misiba, wewe ulivyozaliwa. Hilo hatujawahi.

Ana jambo moja ambalo watu humwitia. Mimi nina kazi yangu na siitwi kwa jambo lolote, na nimezoea. Mtaje baba yako.

Shangazi

---

4 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima, na Baba ameziona pazia. Alisema, "Hizi ni mpya?" na Mama akamwambia ndiyo, tangu Aprili.

Nimesoma barua yako nikiwa chini ya ngazi za maabara kwa sababu bwenini kuna watu. Samahani nilikulazimisha. Lakini umeniambia kweli halafu ukaniambia niseme uongo, na sijui mtu anafanyaje yote mawili. Ungeniacha na wasiwasi wangu ningeweza kukutii. Sasa najua.

Unasema hakuna aliyekuibia. Nakubali. Ila kitabu kimekosea, na wewe ndiye uliyeniambia vitabu hukosea. Bati la maziwa ulilisahihisha mara moja bila kuombwa.

Sitamtaja Baba.

Kamusi

---

15 Septemba

Wewe mtoto,

Bibi hajambo, mimi sijambo, kazi ipo.

Nakukataza. Sijawahi kukukataza kitu tangu uzaliwe, waulize wazazi wako. Usinitaje jukwaani, usiniandikie habari hii tena. Yule ni kaka yangu na ameshashona koti.

Kofia ya sufu niliyoifuma imo ndani ya kifurushi. Huko asubuhi kuna baridi.

Shangazi

---

20 Oktoba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kofia inanitosha, nimeivaa hata ninapoandika. Mpe Bibi pole ya miwani. Mdogo wangu amekuwa wa nne darasani na anatembea kama meneja wa benki.

Umenikataza nisikuandikie habari hii tena. Nimekaa wiki mbili nikijaribu kukuandikia habari nyingine, nikaona sina.

Fainali ilifanyika tarehe tano, kwenye ukumbi wa kituo cha redio. Ni ukumbi wa kawaida wenye viti vya plastiki, ila jukwaa lina zulia. Baba alikuwa amevaa koti. Lilimkaa vizuri. Kando ya kiti chake waliweka gita la besi kwenye kishikio, jekundu, limeng'arishwa, na sikuwa nimeambiwa kwamba litakuwepo. Naye hakuwa ameambiwa, nilimwona alipoliona. Mtangazaji akamkaribisha Kidole wa Kutu, watu wakapiga makofi, na akamwomba atupigie zile sekunde kumi na tisa kabla ya maswali. Baba akacheka, akasema kidole kile kilibanwa na geti. Watu wakacheka naye kwa wema. Mimi nilitazama mikono yake. Ilikuwa kwenye magoti, imebanwa kama mtu anayengoja sindano.

Tulikuwa tumelingana pointi mpaka swali la kumi na saba. Mtangazaji akalisoma taratibu huku akimtazama Baba na kutabasamu. Ni lile lile. Nahodha akaniambia kwa sauti ya chini, "Kamusi, nakuomba, hili ni la nyumbani kwenu." Nikabonyeza kengele. 

Nilitaja jina lako, la kwanza na la ukoo. Kisha nikasema, "Ni dada yake mgeni rasmi."

Kicheko kikaanzia nyuma. Mtangazaji akaniambia kwa upole kwamba ananipa nafasi ya pili, kwa kuwa baba yangu ananiangalia.

"Namwona," nikasema. "Jibu langu ni hilo hilo."

Akamsogezea Baba kipaza sauti akamwuliza anasemaje, binti yake anampokonya wimbo. Baba alikitazama kile kipaza sauti kama anavyomtazama yule mbwa wa geti la kijani. Angeweza kusema "Mimi ndiye", na yangekwisha. Alisema, "Endeleeni na swali linalofuata."

Hatukupata pointi. Tulishindwa kwa hizo mbili. Kwenye basi la shule hakuna aliyekaa karibu nami. Kikokotoo alinipa nusu ya chungwa lake bila kunitazama. Nahodha hakusema neno safari nzima, na kwa nahodha hiyo ni adhabu anayojipa yeye kwanza. Siku ya nne alikuja kitandani kwangu akakaa. Akaniuliza ule mlio wa tik ni kitu gani kweli. Nikamwambia. Akasema, "Basi tulikuwa na pointi mbili pale, wametupa sifuri." Tangu hapo ananisemesha, tena kupita kiasi.

Kabla hatujapanda basi Baba alinikuta karibu na bomba la maji. Nilikuwa nimejiandaa kwa makaripio. Aliniuliza kama wewe ndiye uliyenituma.

Nikamwambia, "Alinikataza. Mara tatu, kwa maandishi."

Alitazama chini. Akasema, "Ndiye huyo," basi. Akanifunga kifungo cha juu cha sweta kama nina miaka sita, akaenda zake.

Sasa sikiliza, Shangazi, hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mashindano yana fomu ya rufaa. Pointi hazirudi, lakini rufaa ikikubaliwa, jibu hubadilishwa katika kitabu kipya cha maswali, ambacho kinachapwa mwisho wa Novemba na kwenda shule zote. Fomu inataka maelezo, sahihi ya shahidi mmoja aliyekuwepo, na sahihi ya mwenyewe anayetajwa. Nilijaza maelezo kwenye nakala tatu. Niliandika kwamba mpiga besi wa bendi alijaribu mara kadhaa akashindwa, na kwamba dada yake alipiga mara moja. Mahali pa shahidi niliacha wazi, sikujua nitampata wapi.

Jumapili ya wazazi Baba alikuja peke yake. Mama alikuwa na homa kidogo, sasa amepona. Tulikaa kwenye benchi nje ya jiko la shule. Tuliongea habari za historia na za mita za maji. Kisha nikazitoa fomu ndani ya kitabu nikamwekea magotini. Sikumwomba kitu. 

Alisoma ya kwanza pole pole, mpaka maandishi madogo ya chini. Akaniomba kalamu. Nilimpa moja ya zile zako. Nilifikiri anatia sahihi. Alikwenda kwenye maelezo yangu, akakata neno "kadhaa" kwa mstari ulionyooka, na juu yake akaandika "kumi na moja".

"Nilihesabu," akasema.

Akafanya hivyo kwenye zote tatu. Kisha akatia sahihi kwenye zote tatu. Aliniuliza kama bado unavaa bangili, nikamwambia ndiyo. Akaniambia amejaribu kukuandikia na hajui barua ya namna hiyo inaanzaje. Nikamwambia aanze na salamu.

Uliniandikia kwamba unakataa kwa ajili yake. Yeye ameshakubali, sahihi yake hiyo hapo, na wino umekauka. Kama bado hutaki, basi sasa ni wewe mwenyewe usiyetaka, na hilo ningependa uniandikie hivyo, kwa maneno yako, bila kumtaja kaka yako wala koti lake. Ukiniandikia hivyo nitanyamaza. Lakini kama ni mazoea tu ya kutoitwa kwa jambo lolote, sinyamazi.

Nakuwekea fomu moja. Nimeitia alama ya penseli pale unapotakiwa kutia sahihi, ingawa mtu wa kazi yako angepaona. Nimeweka na bahasha yenye anwani ya kituo cha redio, na stempu ya nne uliyonipa nimeibandika hapo. Ukiichana fomu, huku zimebaki nakala mbili. Ukiitumbukiza kwenye kopo la mashine namba mbili, zimebaki mbili vile vile.

Ijumaa, 22 Oktoba. Naongezea mistari hii nikiwa posta. Baada ya kipindi cha mwisho nimeomba ruhusa kwa matroni, nimemwambia ninakokwenda na kwa nini, kwa sauti ya kawaida, na amenipa saa moja. Nimetembea. Nimesimama kwenye foleni nyuma ya watu sita. Nimeamua kuituma kwa rejista, ili pawe na mtu wa kushuhudia kwamba umeipokea. Karani amenipa karatasi ya kujaza: jina la mpokeaji, anwani yake, kazi yake. Nimeandika jina lako. Nimeandika anwani. Kwenye kazi nimeandika "mpiga besi". Karani amesoma, amenitazama mimi na kofia yangu, ameuliza kama nina hakika. Nimesema ninayo. Amegonga muhuri, na sasa ananingoja nifunge bahasha.

Kamusi